Ohtani alivyoibiwa na mkalimani wake: Somo kwa wafanyabiashara wa mipakani

MCHEZAJI wa besiboli Shohei Ohtani aliibiwa karibu Dola milioni 17 za Marekani, na kwa zaidi ya miaka miwili hakujua. Mwizi alikuwa mkalimani wake, mtu aliyekuwa naye kila siku.

Ohtani alizaliwa mwaka 1994 huko Iwate, Japani. Baada ya kung'ara na klabu ya Nippon-Ham Fighters, mwishoni mwa mwaka 2017 alivuka bahari kujiunga na Los Angeles Angels. Alikuwa hajatimiza miaka 25, hivyo kanuni za ligi zilimruhusu kupata ada ya kusaini ya Dola milioni 2.3 tu, ilhali klabu yake ya zamani ilivuna Dola milioni 20.

Nguvu ya mikono yake ndiyo iliyompandisha bei. Mwaka 2023 alipiga mipira 44 iliyovuka uzio wa uwanja. Desemba mwaka huo, Los Angeles Dodgers wakampa mkataba wa Dola milioni 700 kwa miaka 10, mkubwa kuliko wowote uliowahi kusainiwa katika mchezo huo hadi wakati ule. Hata hivyo, anapokea milioni 2 tu kwa mwaka. Milioni 680 zitaanza kulipwa mwaka 2034, bila riba. Wafanyabiashara wangesema amekopesha mzigo.

Mtu mwenye hesabu kubwa kiasi hicho aliibiwaje?

Ohtani alipofika Marekani hakujua Kiingereza. Mkalimani wake, Ippei Mizuhara, ndiye aliyemsaidia kufungua akaunti ya benki huko Arizona, ambako mshahara wake uliingia. Baadaye Mizuhara alizama kwenye kamari. Akabadilisha namba ya simu na barua pepe za akaunti hiyo, akaweka zake. Benki ilipositasita, alipiga simu akajifanya ndiye Ohtani. Katika simu moja alidai anatuma Dola 200,000 kwa ajili ya mkopo wa gari.

Wakala wa mchezaji alipotaka kuiona akaunti hiyo, Mizuhara alimjibu kuwa Ohtani anataka ibaki siri. Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Ohtani alikuwa na wakala na wahasibu, lakini kila swali na kila jibu lilipita kwenye mdomo mmoja. Ulinzi wote ulitegemea mtu ambaye ndiye alipaswa kulindwa dhidi yake.

Siri ilifichuka Machi 2024 mjini Seoul. Mizuhara alizungumza na timu nzima kwa Kiingereza, Ohtani akiwa ameketi humo humo, akiambulia maneno machache tu ya jambo linalomhusu mwenyewe. Mizuhara alikiri makosa mahakamani, na Februari 2025 akahukumiwa kifungo cha miezi 57.

Ohtani hakuyumba uwanjani. Mwaka huohuo wa 2024 alipiga mipira 54 nje ya uzio na kuiba vituo 59, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, na Dodgers wakatwaa ubingwa. Mfanyabiashara wa kawaida hana mkataba wa kumnyanyua namna hiyo. Mtaji ukienda, biashara imekwisha.

Anayefuata bidhaa Guangzhou bila kujua Kichina, au anayevuka mpaka kwa kumtegemea mtu wa kumsemea, anaielewa hali hii. Mkalimani anahitajika, na wengi ni waaminifu. Lakini kazi yake ni maneno. Namba ya simu iliyosajiliwa benki iwe yako, namba ya siri ibaki kwako, na mara mojamoja mtafute mtu wa pili, asiyefahamiana na wa kwanza, akusomee ankara na taarifa ya akaunti.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Kukagua nguo si kumtukana aliyeifua.