Baada ya muujiza, chakula

Naunga mkono kabisa wazo kwamba matendo madogo ya kuhudumia watu yana thamani kubwa, na ninaongeza mfano ambao wahubiri wengi huupita mbio. Katika Injili ya Marko, sura ya 5, Yesu anamfufua binti wa Yairo, mtoto wa miaka 12. Waliomo chumbani wamepigwa na bumbuwazi. Papo hapo anaagiza mtoto apewe chakula. Sisi tungeishia kwenye vigelegele. Yeye alikumbuka tumbo la mtoto aliyetoka kuugua. Agizo hilo hunigusa kuliko hata ufufuo wenyewe, maana kufufua siwezi, lakini kupika uji naweza.

Wala tusidhani matendo madogo hayaokoi maisha. Mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wa wodi ya wazazi katika hospitali kuu ya Vienna wanawe mikono kwa maji yenye klorini. Walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wajawazito (inatisha hata kuwaza!). Vifo vya akina mama vilishuka sana. Hata hivyo, wenzake wengi walimpinga, na wanawake wakaendelea kufa kwingineko kwa kukosa beseni la maji na dawa.

Ombi langu kwa jumuiya zetu: tukienda kumwombea mgonjwa, tuulize pia kama dawa zimenunuliwa, nani anawapikia watoto wake, na kama kuna mtu wa kukaa naye usiku.