Njia za Mkula zichorwe kabla ya nyumba

Tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012, na Bariadi makao makuu yake, mashamba ya pembeni mwa miji yanageuka viwanja. Mkula, iliyomo mkoani humo, inapaswa kujifunza mapema kutoka Dar es Salaam. Huko, Kariakoo ilichorwa kwa mitaa inayokatana tangu ukoloni. Nyumba nyingi za chini zimebomolewa, maghorofa yamesimama, mitaa imebaki ileile. Lakini Manzese, kila mtu alijenga alipopata nafasi, na leo gari la zimamoto au la kunyonya maji taka haliwezi kuzifikia nyumba nyingi. Nyumba hubadilika; njia ikishakosewa, huganda.

Wapo watakaosema upimaji wa njia na viwanja ni ghali na unamega shamba la mtu. Ni kweli unamega. Lakini ukanda wa njia ukitolewa na kila mwenye shamba mapema, hakuna nyumba ya kulipia fidia baadaye. Pingamizi zito zaidi ni kwamba upimaji wenyewe unaweza kutawanya mji: mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 ulivipeleka vingi pembezoni, mbali na kazi na huduma. Ndiyo maana Mkula ianze na njia zinazoungana na zilizopo, na viwanja vidogo karibu na barabara.