Hongera Isigeuzwe Pole: Lugha ya Heshima kwa Wazazi wa Watoto Wenye Mahitaji Maalum

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii hufunzwa tangu shule ya msingi. Hata hivyo, upo mlango mmoja ambapo wasemaji wengi wa Kiswahili, wasomi wakiwamo, hujikwaa kila siku: mlango wa mzazi wa mtoto mwenye mahitaji maalum.

Yatazamwe kwanza maamkuzi. Mwanamke akijifungua, desturi ni kumpa hongera. Mtoto akizaliwa na ulemavu, hongera hiyo hugeuka pole. Pole ni neno la utu, lakini lina mahali pake: huambiwa aliyefiwa, aliyeugua na aliyechoka. Mama anayepewa pole kwa ajili ya mtoto aliye hai, anayenyonya na kucheka, huambiwa kwa sauti ya upole kwamba mwanawe ni msiba.

Pili, jina. Katika jamii nyingi za Kenya mzazi huitwa kwa jina la mwanawe: Mama Baraka, Baba Neema. Ajabu ni kwamba mtoto akiwa na ulemavu, majirani na hata walimu husema “mama wa yule kiziwi”. Jina la mtoto hufutwa, ulemavu ukaketi mahali pake, na mzazi akapokonywa heshima ambayo wenzake hupewa bila kuiomba.

Tatu, maswali. “Ulikula nini ulipokuwa mjamzito?” “Kwenu yupo mwingine kama huyu?” Hayo ni mashtaka yaliyovikwa joho la swali, na aghalabu mshtakiwa ni mama. Ilhali mtindio wa ubongo waweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa kabla ya wakati au kupata manjano makali akiwa mchanga. Na usonji hausababishwi na malezi mabaya.

Wanaisimu wamelijadili suala hili kwa kuielekeza lawama kwenye kiambishi ki-: kiziwi, kipofu, kiwete. Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi. Kiongozi na kijana nao wana ki-, wala hakuna anayelalamika. Isitoshe, upatanisho wa kisarufi husema “kiziwi amefika”, si “kimefika”; sarufi yenyewe imemtambua mtu. Nchini Tanzania viziwi wenyewe wamekiita chama chao Chama cha Viziwi Tanzania. Kwa hivyo kubadilisha msamiati pekee si dawa. Anayesema “mtoto mwenye ulemavu” huku akimkwepa mzazi kwa macho amebadilisha neno tu, dharau ameiacha palepale.

Hata hivyo, asidhani mtu kuwa uchaguzi wa maneno ni hiari tupu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Katiba hiyohiyo, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, jukumu la mwanafunzi wa Kiswahili huwa bayana.

Jukumu hilo si la nadharia. Wahitimu wengi wa Kiswahili huishia kuwa walimu, na mwalimu ndiye mara nyingi hulazimika kumweleza mzazi jambo zito. Yupo atakayesema, kwenye ushoroba na mbele za watu: “Huyu mtoto wako hashiki kitu, mtafutie shule yao.” Yupo naye atakayemkaribisha mzazi ndani, ampe kiti, kisha aseme: “Mama Baraka, karibu. Baraka sasa anazitambua herufi zote. Maneno marefu ndiyo yanayomtatiza. Nyumbani huwa anasomaje?” Huyu wa pili hakuficha ukweli. Ameanza na jina, akataja analoliweza mtoto, akalieleza tatizo bila kulikuza, kisha akauliza. Swali lake linakiri kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na kwamba mzazi anayo maarifa ambayo shule haina. Baada ya hapo, ushauri wa kumpeleka mtoto kwenye kituo cha tathmini utapokewa kama msaada, si kama hukumu ya kufukuzwa.

Tofauti kati ya mazungumzo hayo mawili yaweza kuwa maisha ya mtoto. Mzazi aliyetwezwa harudi shuleni. Hufunga mlango, na nyuma ya mlango huo hubaki mtoto ambaye angalifunzwa kusoma, kushona au kuhesabu. Sheria nzuri na vituo vya tathmini havimfai mtoto ambaye mzazi wake ameona haya kumtoa nje.

Methali ya “hujafa hujaumbika” hutajwa sana katika mijadala ya aina hii. Ni onyo jema, lakini humtia msikilizaji hofu ya yatakayompata yeye. Heshima kwa Mama Baraka haifai kungoja hofu hiyo. Amezaa, analea, anastahili hongera yake.