Vazi Lifuatane na Mashine: Wito kwa Wenye Miti wa Mella na Majirani Zetu wa Teso Kaskazini

Ndugu zangu wa Mella, na ninyi majirani wa Malaba, Amagoro na Kocholya upande wa Kenya, pawasoo, yaani msumeno wa injini, imekuwa sehemu ya maisha ya mashambani kwetu. Mikaratusi ya mpakani mwa shamba hukatwa ikawa nguzo, mvule wa zamani huangushwa karo inapodaiwa, na upepo ukiulaza mwembe juu ya paa hatumwiti tena mwenye shoka. Mashine moja humaliza kabla ya saa sita mchana kazi ambayo zamani ingewatoa jasho watu kadhaa kwa siku kadhaa. Siombi turudi kwenye shoka. Ninaloomba tukubaliane ni kwamba pawasoo isiwashwe katika shamba lolote, upande wowote wa mpaka, bila vazi la kinga kuja pamoja nayo, na kwamba wa kulihakikisha hilo awe mwenye mti.

Namtaja mwenye mti kwa sababu yeye ndiye tuliyezoea kumsahau. Tazameni jinsi kazi hii inavyopangwa. Mashine ni ya mtu mmoja, mkataji ni mwingine aliyeikodi, msaidizi anayeshika gogo ni kibarua wa mkataji, petroli imenunuliwa na mwenye shamba, na mbao zimeshalipiwa nusu na mfanyabiashara wa mjini. Mguu ukikatwa, kila mmoja anamwonyesha mwenzake. Sheria tunazo: Uganda ilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini mwaka 2006, na Kenya ikapitisha yake mwaka 2007 pamoja na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini. Lakini mzigo mkubwa wa sheria hizo uko juu ya mwajiri, na kwenye shamba letu mwajiri hajulikani ni nani. Wako wanaosema tuiachie serikali. Serikali inayo kazi yake na tuidai, ila mkaguzi wa kazi, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kujua kwamba kesho saa mbili asubuhi mti wa fulani utaangushwa nyuma ya banda la ng'ombe. Mwenye mti anajua. Yeye ndiye aliyepatana bei, na ndiye anayeweza kusema "msiwashe" na akasikilizwa, kwa kuwa fedha bado ziko mfukoni mwake.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi hutoka kwa wakataji wenyewe: wamefanya kazi hii miaka mingi na mikono yao inaijua mashine. Ni kweli ustadi huokoa watu wengi, kwani mkataji mzuri huchagua mti uangukie wapi, huchonga mdomo upande huo, huacha ukanda wa mti usiokatwa ili uuongoze unapolala, na husafisha njia ya kukimbilia nyuma kwa mshazari kabla hajaanza. Lakini yapo mambo ambayo ustadi haufiki kwa wakati. Mnyororo wa pawasoo ikiwa imevutwa mafuta yote hukimbia karibu mita 20 kwa sekunde. Sehemu ya juu ya ncha ya bapa linalobeba mnyororo ikigusa tawi lililojificha au gogo la pili, mashine nzima huruka nyuma na juu kuelekea uso na shingo ya aliyeishika, kabla macho yake hayajapeleka habari mkononi. Breki ya mnyororo iliundwa kwa ajili ya dakika hiyo, na kumpa mtu mashine ambayo breki yake imevunjika au imeondolewa ni kumpa nusu ya mashine. Hatari inaongezeka zaidi katika kupasua mbao kwa mkono, kama tunavyofanya huku: mpasuaji ameinama juu ya gogo, miguu yake iko karibu na mnyororo muda wote, na analipwa kwa idadi ya mbao, hivyo uchovu wake unageuka kuwa haraka. Hapo suruali ya kinga ndiyo inayofanya kazi. Ndani yake mna tabaka za nyuzi ndefu. Mnyororo ukizigusa, nyuzi huchomoka na kujizungusha kwenye gurudumu linalouendesha, na mnyororo husimama. Nchi zenye wakataji hodari kutuzidi hazikutegemea mazoea peke yake. Marekani, kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 1995, iliwalazimu waajiri wa wakata magogo kuhakikisha kinga ya miguu na breki ya mnyororo. Sweden, ambako pawasoo za Husqvarna zinatoka, tangu Desemba 2014 inamtaka anayetumia pawasoo kazini awe na cheti.

Kuhusu gharama, hoja ni nzito tukifikiria kila mkataji anunue vazi lake. Kibarua wa siku hawezi, na ni dhuluma kumdai. Ndiyo maana nasema vazi lifuatane na mashine. Mashine ni chache kuliko watu wanaozitumia, nazo huzunguka kijiji hadi kijiji. Seti moja yenye kofia ngumu, wavu wa uso, viziba masikio, suruali na buti ikifungwa pamoja na kila mashine, itawalinda wote watakaoishika, na bei yake iko chini sana ya bei ya mashine mpya. Vikundi vyetu vya akiba, ambavyo hukopesha mtu hela za mbegu na za matanga, vinaweza kumkopesha mwenye mashine fedha za seti hiyo, naye akalipa kwa nyongeza ndogo katika kodi ya siku. Nyongeza hiyo itamwangukia mwenye mti, na ni haki aibebe. Joto pia ni hoja ya kweli, kwa kuwa suruali hizo ni nzito na jua letu halina huruma. Basi tuanze kazi alfajiri, tuisimamishe jua likipanda, na tulipe kwa siku badala ya kwa ubao. Viziba masikio navyo tusivione anasa: wataalamu wa afya kazini huweka kelele ya desibeli 85 kuwa kikomo cha saa nane, na kwenye desibeli 100, ambazo pawasoo huzipita, kikomo hicho hushuka hadi dakika 15.

Limebaki swali la mpaka, na ndilo linaloweza kuivunja kazi yote. Tukikaza masharti Mella peke yake, mwenye mashine asiyetaka usumbufu atavuka kwenda Amagoro. Wakikaza Amagoro, atarudi kwetu. Mpaka huu haujawahi kututenganisha Wateso katika ndoa wala mazishi, wala haujawazuia Wajopadhola na Wasamia kufanya biashara nasi. Wenyeviti wa LC1, yaani baraza la kijiji, upande wetu na machifu na wazee wa vijiji upande wa pili wanaweza kukubaliana masharti yaleyale: anayetaka kuangusha mti aarifu siku moja kabla, watoto na mifugo wawe mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti, mtu asikate peke yake, kitambaa safi cha kukandamiza damu na simu ya bodaboda viwe tayari, kwa kuwa mshipa wa paja ukikatwa dakika ni chache na hospitali ya Tororo au ya Kocholya si hatua mbili. Mikutano hiyo ifanyike kabla ya mvua za Machi, wakati mashamba yanaposafishwa na mashine zinapokodiwa kwa wingi, na jambo la kwanza kuandikwa katika daftari la kila kijiji liwe orodha ya pawasoo zilizopo, nani anaimiliki kila moja, na kama breki yake inashika.