Wasanifu majengo wauhesabu mwaka wao hadi Kabuga

Mwaka unapofika ukingoni, kila mwenye shughuli hukaa chini akapiga hesabu. Mfanyabiashara wa Rusumo huhesabu magunia yaliyovuka na faida iliyobaki, na sisi walimu huhesabu waliofaulu na walioanguka. Vyama vya wataalamu navyo huitisha mikutano, vikasoma taarifa ya mwaka na kupanga mipango ya mbele. Leo nataka tuitazame Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Rwanda, inayojulikana kwa kifupi RIA, na kuuliza swali moja: katika hesabu yake ya mwaka, sisi wa Kabuga tumo?

Ndugu msomaji anaweza kusema hayo ni mambo ya wakubwa wenye maghorofa. Sivyo. Wengi wetu tuliorudi kutoka Tanzania, Uganda, Burundi na Kongo tulikuja na sanduku, na kitu cha kwanza tulichokitafuta kilikuwa kiwanja. Mfanyabiashara wa mpakani naye haweki akiba yake benki tu. Huiweka katika matofali. Kwa hiyo anayechora nyumba na anayeidhinisha mchoro huo wameshika mkononi akiba yetu yote, na wakati mwingine roho zetu.

Wanaofuata bidhaa Kariakoo wanajua ninachosema. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka katika soko hilo la Dar es Salaam, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Hata hapa kwetu, Mei 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Nyagatare liliporomoka na kuua. Baada ya misiba ya namna hiyo kila mtu huuliza nani alichora na nani alisimamia. Swali hilo hupaswa kuulizwa kabla ya msingi kuchimbwa.

Kwa upande wa sheria, Rwanda haikulala. Sheria namba 26 ya mwaka 2012 ndiyo iliyounda taasisi hii pamoja na ile ya wahandisi, na kuweka wazi kwamba mtu haruhusiwi kufanya kazi ya usanifu bila kusajiliwa. Kwa upande wa elimu pia tumepiga hatua. Mimi nilisoma mkoani Kagera, nikarudi nyumbani mwaka 1996. Wakati ule kijana wa Kinyarwanda aliyetaka kuwa msanifu ilimbidi aende nchi za mbali. Christian Benimana, mmoja wa wasanifu wetu wanaofahamika zaidi, alisomea Shanghai, China, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na shule ya fani hiyo. Shule hiyo ilianzishwa mwaka 2009 katika chuo cha KIST, ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Leo vijana wanahitimu papa hapa Kigali. Hilo ni jambo la kujivunia, na taasisi ina haki ya kulitaja katika kila taarifa yake.

Lakini sheria nzuri na wahitimu wazuri havitoshi ikiwa mwananchi hajui msanifu anapatikana wapi. Nitoe mfano wangu mwenyewe, ingawa ni aibu kwa mwalimu. Mwaka 2021 nilitaka kujenga nyumba ndogo ya rukarakara, yale matofali ya udongo ambayo sasa yanaruhusiwa katika maeneo yaliyotengwa. Mchoro nilichorewa na kijana mmoja wa duka la fotokopi. Ombi langu la kibali lilirudishwa mara mbili. Mara ya pili nikagundua kwamba mchoro ulikuwa wa kiwanja cha mtu mwingine, jina langu likiwa limebandikwa juu. Nikiwa bado nahangaika, masika yakaingia. Matofali yangu karibu elfu mbili yakarudi kuwa matope.

Je, kosa ni la yule kijana peke yake? Hapana. Nilimwendea yeye kwa sababu alikuwa jirani, alitaja bei yake waziwazi na aliniongelesha kwa lugha ninayoielewa. Wasanifu watasema wananchi hawataki kulipa utaalamu. Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini asiyejua bei huogopa hata kubisha hodi.

Wakati huohuo Kabuga haisubiri. Hesabu ya watu ya 2012 iliipa Kigali wakazi 1,132,686. Ile ya 2022 ikatoa 1,745,555. Sehemu ya ongezeko hilo inaangukia huku pembezoni, kando ya barabara iendayo Kayonza na Rusumo. Mpango mkuu wa jiji uliozinduliwa mwaka 2020 umeonyesha wapi pa kuishi, wapi pa biashara na wapi pasijengwe. Ni kazi nzuri, ila ramani zake zinahitaji mtu wa kuzifafanua kwa anayenunua kiwanja kabla hajatoa fedha.

Kwa maoni yangu, mipango ya taasisi ya mwaka ujao iwe na mambo matatu. Kwanza, iweke siku maalumu katika ofisi za sekta kama Rusororo, ambapo msanifu aliyesajiliwa ataangalia michoro ya watu wa kipato kidogo kwa ada ndogo inayojulikana. Pili, itoe michoro ya mfano ya nyumba ndogo, ikiwemo ya rukarakara, yenye maelezo kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Tatu, iige wenzao wa Kenya, ambao chama chao hutoa taarifa kuhusu hali ya ujenzi nchini mwao, ili nasi tujue vibali vinachukua muda gani na vinakwama wapi.

Mwaka 2011 wasanifu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kutambuana, ili mtaalamu wa nchi moja aweze kufanya kazi katika nchi nyingine. Jambo jema. Basi kama msanifu anaweza kuvuka mpaka, asishindwe kuvuka kilometa kama 20 kutoka katikati ya Kigali hadi Kabuga.

Jirani yangu, mama anayefuata mchele Tanzania, ana kiwanja na fedha ya msingi tayari. Nilipomshauri asirudie kosa langu, amtafute msanifu aliyesajiliwa, aliniuliza, "Sawa, mwalimu, lakini huyo msanifu anakaa wapi?" Sikuwa na jibu. Taasisi ndiyo inayopaswa kumjibu, kabla mvua hazijaanza.