Bili inasema uniti ngapi, haisemi maji gani

Kila mwezi ujumbe wa bili ya maji unaingia kwenye simu yangu: usomaji wa dira uliopita, usomaji wa sasa, uniti nilizotumia, kiasi ninachodaiwa. Sina ugomvi na hesabu hizo, nazilipa. Ninachodai ni mstari mmoja zaidi, wa kuniambia maji niliyouziwa yana nini ndani yake.

Nimefundisha kemia sekondari hadi kustaafu. Ugumu wa maji ni mada ya kidato cha tatu, kwa hiyo nchi hii imejaa watu waliowahi kukariri kalsiamu na magnesiamu ili wafaulu mtihani. Muulize mmoja wao maji ya bomba la nyumbani kwake yana ugumu wa kiasi gani, atakutumbulia macho. Na mimi mwalimu wake nabaki kukisia tu.

Naishi Nkuhungu, Dodoma. Mgeni kutoka Dar es Salaam huyajua maji yetu siku ya kwanza tu akiingia kuoga: anasugua sabuni, povu halitoki, na mwili unabaki na utando. Baadaye ataona sufuria ya chai ikiota ukoko mweupe, na matundu ya bomba la mvua yakiziba moja moja hadi maji yanaruka ukutani. Akimwita fundi wa hita, ataonyeshwa koili iliyovaa gamba la chokaa.

Hakuna uchawi hapo. Dodoma haina mto wa kudumu wala ziwa la kulinywesha jiji, hivyo tunakunywa maji ya ardhini, na mengi tangu zamani yanatoka visima virefu vya Mzakwe, kaskazini mwa mji. Mvua ikizama ardhini inachukua hewa ya ukaa iliyomo kwenye udongo, inakuwa asidi hafifu, kisha inayeyusha madini ya miamba polepole. Unapoyachemsha maji hayo jikoni, hewa ile inatoka na chokaa inarudi kuwa jiwe ndani ya birika lako. Ndiyo maana siki au ndimu inaling'oa gamba hilo kwa mapovu: ni hewa ile ile inayotoka.

Majuzi alinijia kijana nadhifu, begi mgongoni. "Shikamoo mama," akaomba dakika chache tu, anionyeshe tunachokunywa. Akapanga glasi mbili mezani, moja ya maji ya bomba langu, nyingine ya maji aliyokuja nayo, yaliyopita kwenye mtambo anaouza. Akatumbukiza kifaa chenye vijiti vya chuma katika kila glasi, akachomeka kwenye umeme. Haikupita muda, glasi yangu ikageuka kahawia, ikatoa machicha kama maji ya mtaro. Yake ikabaki nyeupe pe. "Mama, hiki ndicho wanachokunywa wajukuu zako." Bei aliyotaja ingeimeza pensheni yangu na kuomba nyongeza.

Nikanyanyuka, nikaleta chumvi ya mezani, nikatia vidole viwili kwenye glasi yake safi. Nikamwambia, rudia mwanangu. Akarudia. Maji yake yakachafuka kuliko yangu.

Rangi ile ni kutu ya vijiti vyake mwenyewe. Maji yenye madini yanapitisha umeme, umeme unakila chuma, na kutu inamwagika kwenye glasi. Maji yaliyoondolewa madini hayapitishi umeme wa maana, kwa hiyo yanabaki meupe. Glasi ile haikupima uchafu wowote. Kijana mwenyewe hakuwa tapeli, nilimwona alivyoshtuka. Alipewa begi na maneno ya kusema. Nikamkaribisha chai, ya maji ya bomba, akanywa. Lakini nyumba ya pili kutoka kwangu walikuwa wameshalipa.

Jirani yangu si mjinga. Alimwamini mtu wa kwanza kumwambia chochote kuhusu maji yake. Pasipo na taarifa, mwenye begi ndiye maabara.

Tuseme basi kinachojulikana. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji, kwa kuwa haujapatikana ushahidi wa kuridhisha kwamba ugumu wenyewe unamdhuru binadamu. Kalsiamu na magnesiamu mwili unazihitaji. Shirika hilo linasema tu kwamba ugumu ukizidi miligramu 200 hivi kwa lita, tarajia magamba kwenye mabomba na vyombo vya kuchemshia. Hasara yake ni ya mfukoni. Sabuni ya mche inaisha ikitengeneza machicha badala ya povu, na hita yenye gamba inakula uniti za LUKU kabla haijaungua kabisa. Hiyo si hasara ndogo kwa mama anayefulia watu nguo, na ndiyo sababu anakinga mvua kila inaponyesha.

Kinachoweza kukudhuru hakiachi ukoko kwenye sufuria. Floridi haina rangi wala harufu. Kikomo cha Shirika la Afya ni miligramu 1.5 kwa lita, na waliokulia kuzunguka Mlima Meru wanajua meno ya kahawia yanatoka wapi. Kule Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichofanya kazi ya kuiondoa floridi kwa mkaa wa mifupa. Naitreti nayo haionekani, kikomo chake ni miligramu 50, na hatari yake kubwa ni kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga. Mitaa yetu ya pembezoni ina viwanja vilivyobanana, shimo la choo huku na kisima cha mwenye nyumba kule. Kuchemsha kunaua vijidudu, na uendelee kuchemsha, lakini hakuondoi floridi wala naitreti. Maji yakipungua kwa mvuke, vinabaki vimekolea zaidi. Mtambo kama wa yule kijana unaviondoa kweli, ila mingi inatupa maji mengi kuliko inayokupa, jambo ambalo katika mji wa mgao ni kituko.

Jiji nalo limekua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu kama 410,000 hapa, ya 2022 ikakuta zaidi ya 760,000, baada ya Serikali kuhamia. Vyanzo vimeongezwa, vikiwemo visima vya Nzuguni, na watu binafsi wamechimba vya kwao wanauzia majirani kwa dumu. Kwa hiyo hata ukiniambia "maji ya Dodoma" hujaniambia kitu. Ya mtaa upi, kutoka kisima kipi?

Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, na mamlaka za maji zinapima. Hapo nawapa haki yao. Kinachokosekana ni majibu kumfika mlipaji. Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kanuni inazibana mamlaka za maji kumpatia mteja ripoti ya ubora kila mwaka. Sisi tunaye mteja mwenye simu, na ujumbe unamfikia kila mwezi bila kukosea namba. Uongezwe humo chanzo cha maji ya mtaa wake, ugumu, chumvi, floridi, naitreti na tarehe ya kipimo. Mwenye kisima anayeuza maji naye abandike cheti cha maabara pale pale penye koki, kama mwenye duka anavyobandika leseni.

Nawe msomaji, utakapopokea bili ijayo, lipa, kisha uwaandikie wanaokuuzia maji: naomba majibu ya kipimo cha maji ya mtaa wangu. Na akibisha hodi mwenye begi na vijiti vyake, iwe chumvi iko karibu.