*TAWI HALITASAINI BARUA YA KASUKU*



Tangu Jumapili kuna barua inazungushwa kwenye simu zetu na kwenye mashina, ikitaka tawi liombe biashara ya kusafirisha kasuku hai nje ya nchi ifunguliwe. Wanasema ni ajira kwa vijana. Mimi ni mtu wa mahesabu. Nimesoma kurasa zote mbili, sijaona hesabu hata moja.

Miaka ya 1980 kasuku wadogo wa kanda yetu hii ya ziwa, wale wa kijani wenye kichwa cha rangi ya chungwa, walikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi kabisa duniani. Leo Ulaya wanazalishwa vizimbani mpaka wamepatikana wa bluu na wa njano, na mfugaji wa huko hatulipi hata shilingi. Marekani ilibana kwa sheria ya 1992, Ulaya ikafunga mlango kwa ndege wa porini tangu 2005. Sasa kijana wetu atamuuzia nani, kwa bei gani? Barua iko kimya.

Wanajibu: "Tutauza wa kufugwa." Hapo ndipo penye ujanja. Kibali cha CITES kina herufi: W ni ndege wa porini, C ni aliyezaliwa kizimbani. Kugeuza W kuwa C ni kazi ya kalamu tu. Visiwa vya Solomon vilisafirisha ndege zaidi ya 54,000 kati ya 2000 na 2010, wengi wakiandikwa ni wa kufugwa, na visiwa hivyo havikuwa na vituo vya kuzalisha idadi hiyo. Stoo haina mzigo, mauzo yapo kila mwaka! Hata mwanafunzi wa cheti angeuliza.

Na hasara ikija haina marejesho. Kasuku wa kijivu alinaswa kwa ulimbo misitu ya Afrika Magharibi na Kati. Ghana, tangu 1992, amepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2016 kule Johannesburg dunia ikalazimika kupiga marufuku biashara ya wale wa porini. Wanunuzi walishashiba, mtegaji amebaki na ulimbo wake.

Niwe mkweli: waliokuwa na vibali halali na zuio la 2016 likawakuta na ndege vizimbani wana hoja. Juni 2022 waliambiwa wana miezi 6 kumalizia mizigo, siku chache baadaye ruhusa ikasitishwa. Hao wadai fidia, na tawi litawasindikiza. Ila fidia isigeuzwe ufunguo wa pori.

Aliyekwisha kusaini aje ofisini kabla ya Jumamosi saa 4 asubuhi afute jina lake. Kikao kitaanza na ajenda hii. Viongozi wa mashina, fikisheni ujumbe kwa wasio na simu.

Katibu wa Tawi